Shairi Nililolituma Kutoka Mirongo

Shangazi yangu alikatwa mapanga jikoni kwake huko Kamanga, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, asubuhi, akipuliza moto. Wanaume wawili waliingia kama watu wanaoomba maji. Pigo la kwanza alilikinga kwa mkono wa kushoto, na mkono ukaanguka kuanzia chini ya kiwiko. La pili lilimpata begani. La tatu halikufika. Kwa mkono uliobaki aliinua sufuria ya uji uliokuwa ukichemka akawamwagia usoni, wakatoka mbio wakipiga kelele kuliko yeye.

Alikuwa mjane, ana shamba zuri la pamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi. Kwetu wakati ule hayo yalitosha kumwita mwanamke mchawi. Majirani walisikia kila kitu. Walifika baada ya washambuliaji kuondoka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Mwanza. Nililetewa habari, nikavuka, nikamkuta amefungwa kisiki cha mkono kwa kitenge chake mwenyewe. Kwenye pantoni damu ilipenya kitenge ikachuruzika hadi kwenye viatu vyangu. Mama mmoja aliyeketi karibu nasi alimvuta mtoto wake akahamia upande wa pili. Hakuwa anaangalia jeraha, alikuwa anaangalia macho.

"Usihangaike naye," shangazi aliniambia. "Nenda kamwambie nahodha aongeze mwendo."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na intaneti ilikuwa imeingia mjini karibuni. Pale Mirongo, katikati ya mji, mama mmoja alikuwa amefungua chumba chenye kompyuta tatu. Ulikaa ukasubiri simu ilie na kukwaruza mpaka barua pepe zifunguke, na umeme ukikatika ulianza upya. Kila Jumamosi nilikwenda huko kwa ajili ya kundi la wapenda ushairi. Ukituma shairi kwa anwani moja, lilifika kwa wote: Watanzania na Wakenya waliokuwa Ulaya, mabaharia, mwanamke mmoja aliyekuwa Maskati, wanafunzi wa vyuo. Tuliitana malenga, hata tuliokosea mizani. Mtu akitupa ubeti, wengine walimjibu kwa vina vilevile, na kwa siku mbili tatu tulikuwa kama watu walio kwenye ngoma moja.

Jumamosi iliyofuata baada ya shambulio niliandika beti saba bila kuinuka. Zilianza hivi:

*Macho mekundu si kosa, ni moshi wa kuni mbichi,*
*Panga lililomtesa, ni la jirani, hafichi.*

Nilijua jirani ni nani. Kijiji kizima kilijua aliyewatuma wale wanaume wawili. Alikuwa mtoto wa shemeji yake shangazi, kijana aliyelitaka lile shamba tangu mume wa shangazi afariki.

Majibu yalikuja mengi kuliko shairi lolote nililowahi kutuma. Niliyachapa yote nikayapeleka wodini. Shangazi alisikiliza amefumba macho.

"Watu hawa wananijua?"

"Hapana, shangazi."

"Basi waambie ubeti wa tatu ni wa uongo. Umesema nililia. Sikulia."

Nilirekebisha. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Kwa kiburi cha mtu aliyesifiwa na walio mbali, nilitoa nakala ishirini nikazigawa Kamanga, pale watu wanaposhukia pantoni. Nilitaka yule kijana asome. Nilitaka kila mtu asome mbele yake.

Alisoma. Wiki mbili baadaye, mchana, nikiwa nimeinamia kompyuta, nilisikia mlango ukigonga ukuta. Sikuwahi kugeuka. Alinipiga kwa nondo kwenye mkono uliokuwa juu ya vitufe, nikasikia mifupa ikivunjika kabla sijasikia maumivu. Pigo la pili lilipasua kioo cha kompyuta. Alikuwa anahema, anarudia neno moja tu, "Andika. Andika." Nilianguka chini ya meza, akanifuata kwa mateke ya mbavu.

Mwenye chumba alidhani ni mporaji. Alitoka nje akaita mwizi.

Aliyeishi mjini miaka ile anajua neno hilo lilifanya nini. Kabla sijasimama, walikuwa wamemburuta hadi barabarani. Nilitoka nikiwa nimeushika mkono wangu kama kitu cha mtu mwingine. Walikuwa watu ninaowafahamu: fundi viatu, wauza nyanya, mwanafunzi wangu wa zamani. Walimpiga kwa mawe, kwa fimbo, kwa ubao wenye misumari. Mtu mmoja alikuja akiviringisha tairi. Kijana aliniona kati ya miguu ya watu. Hakuomba. Aliniangalia tu.

Nilinyamaza. Nilifikiria kile kisiki cha mkono, nikanyamaza. Niliona jiwe likimwingia jichoni, nikawa bado nimenyamaza. Walipomvisha tairi ndipo sauti ikanitoka: "Huyu si mwizi. Ni ndugu yangu, tumegombana." Ilinibidi niseme mara tatu, nimlalie kabisa, ndipo wakarudi nyuma, wakiwa wamekasirika kwamba wamedanganywa.

Jicho lile halikupona. Alifungwa kwa kunivunja mkono. Kwa yale ya shangazi hakuna jirani aliyekubali kutoa ushahidi, na wale wanaume wawili hawakupatikana kamwe, ingawa mtu aliyeunguzwa uso na uji si mgumu kumtambua.

Mkono ulipotoka kwenye plasta niliandika shairi la pili, nikaeleza jinsi nilivyosimama nikitazama kabla ya kumkinga. Wengi walinipongeza kwa kumwokoa. Mmoja aliandika kwamba ningeliacha moto umalize kazi. Yule mwanamke wa Maskati aliuliza jambo moja tu: "Malenga, ulinyamaza kwa muda gani?" Wiki nzima niliufungua ujumbe wake na kuufunga.

Shangazi alikuwa amehamia kwetu Nyakato. Nilimsomea shairi na swali lile, akiwa anachambua mchele kwa mkono mmoja, sinia likiwa mapajani.

"Mwambie ukweli," alisema.

"Ukweli ni kwamba nilitaka afe."

"Hata mimi nataka," akasema, akatoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Lakini ulisema, na mimi sijui kama ningesema. Hilo usilitie vina. Liandike hivyohivyo."

Jumamosi nilikwenda Mirongo, nikaandika kwa kidole kimoja, bila vina wala mizani, kwamba nilinyamaza hata jicho lake lilipopasuka, mpaka wakamvisha tairi. Nikatuma kwa wote. Siku hiyo hakuna malenga aliyejibu.