Mkutano wa Jumamosi, Saa Nne

Esteria, au Mama Kristian kama kila mtu alivyomwita, hakupewa uenyekiti wa kitongoji kwa sababu ya elimu. Darasa la saba, basi. Alipewa kwa sababu ya koo lake. Huku upande wa Mgwashi nyumba zimetawanyika, moja mgongo huu wa mlima, nyingine mgongo ule, katikati bonde, na kumfuata mtu kwa miguu ni nusu saa nzima. Mama Kristian alikuwa anasimama nyuma ya jiko lake, viganja mdomoni, anaita mara moja kwa Kishambaa, na ng'ambo wanatoka na majembe. Mtoto kazidiwa, moto umeingia shambani, yeye ndiye aliyeita. Watu walimtania kwamba Mungu alikuwa anagawa tarumbeta, moja ikamponyoka ikaangukia kwa mjane.

Mwaka jana jina lake likatoka kwenye mafunzo ya uongozi ya mkoa mzima. Wenyeviti kutoka kila wilaya, wiki mbili, kule Muheza. Jamani, alivyofurahi! Alirudi na cheti, fulana, na kitabu cha kurasa arobaini alichokiviringisha kwenye kanga kisilowe. Alifundishwa kwamba kiongozi haendeshi watu kwa amri. Anaitisha mkutano kwa tangazo la maandishi, siku saba kabla, akidi inatimia, muhtasari unaandikwa. Mafunzo mazuri, sikatai. Tatizo ni mwenzao mmoja wa mjini, ambaye siku moja alimsikia akimwita mtu upande wa pili wa uwanja, akacheka hadi akashika tumbo.

"Mama, wewe ni mwenyekiti au mchunga mbuzi?"

Neno hilo lilimwingia. Aliporudi nyumbani hakuita tena. Akawa anabandika matangazo kwenye mlango wa duka, na sisi wenyewe, tusidanganyane, tulijivunia.

Masika ya mwaka huu yalinyesha siku kumi na moja bila kupumzika. Jumatatu asubuhi akaja mzee Bakari, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uone kitu."

Akampeleka kwenye shamba la viazi lililo juu ya nyumba ya Hashimu na mkewe Hawa. Ardhi ilikuwa imepasuka kukata shamba zima, ufa wa kuingiza mkono hadi kwenye bega. Chini yake chemchemi ilikuwa inatoa maji mekundu.

"Waite," mzee alisema. "Kaya zote tano za huku chini zihame leo."

Hawa alikuwa rafiki wa Mama Kristian. Walikuwa wameosha karoti pamoja mtoni miaka ishirini, na Kristian alinyonya kwa Hawa wiki ile mama yake alipolazwa. Mama Kristian alishapandisha viganja mdomoni. Halafu akamkumbuka yule wa Muheza, akavishusha.

"Mzee, kuhamisha kaya tano si jambo la kupigia kelele. Lazima mkutano."

"Mkutano wa nini, mwanangu? Mlima nao utahudhuria?"

Siku saba akazipunguza zikawa tano, akaona amekimbiza mambo kweli kweli. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Jumamosi, saa nne asubuhi, ajenda ni ufa. Akabandika. Kesho yake Mama Kristian akiwa pale dukani, Hawa akaja kununua chumvi, akalisoma tangazo taratibu.

"Jumamosi, eh?"

"Jumamosi. Usikose."

"Haya, Mwenyekiti wangu," Hawa akasema, akacheka, akaenda zake.

Alhamisi saa tatu asubuhi mlima ukashuka. Wa kaya nne walikuwa mashambani, na Hashimu pia. Hawa alikuwa ndani anachambua maharage. Mama Kristian alitoka mbio akaita, akaita hadi sauti ikakatika, na ng'ambo wote wakaja, lakini hapakuwa na nyumba tena, ni udongo tu.

Tulichimba Alhamisi, tukachimba Ijumaa. Tulimpata Jumamosi, saa nne kasoro. Kitongoji kizima kilikuwa pale. Akidi haijawahi kutimia vile.

Jioni Mama Kristian alikifungua kile kitabu. Alikuwa amesoma hadi ukurasa wa kumi na mbili. Ukurasa wa kumi na tisa umeandikwa kwa herufi nene: panapokuwa na hatari kwa maisha ya watu, usisubiri mkutano. Lo! Alikifunga, akaenda kukaa msibani, nje, juu ya jiwe, maana ndani hakuthubutu.

Hashimu alimkuta hapo. Akaketi karibu yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Mama Kristian kabisa.

"Jumatano nilimwambia tukalale kwa kaka yangu," alisema. "Akaniambia, tulia, baba, kungekuwa na hatari Mama Kristian angeshaita."