Mabruki na Pedali Zenye Midomo

Mabruki, fundi viatu wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, hakuwa mtu wa kujisifu. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyarudia mara tatu kwa siku mbele ya wateja. Yeye alisema ukweli tu, na kama ukweli wake ulikuwa mtamu, afanyeje? Hakuna kiatu Tabora nzima kilichomshinda. Hakuna mlima uliomshinda kwa baiskeli, ingawa milima ya Tabora unaihesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Na hakuna mwanamume aliyepata mke kama Mwamvita. Hapo hata waliokwisha kumchoka walimwachia, maana ilikuwa kweli.

Mwaka ule wa Azimio la Arusha, Mtaliano mmoja aliyekuwa akipima barabara ya Sikonge alifunga mizigo kurudi kwao, akauza alivyokuwa navyo: chandarua, masufuria, kitanda cha kukunja. Mabruki akarudi nyumbani na pedali mbili za baiskeli ya mashindano. Kila pedali ilikuwa na kitu cha chuma kwa mbele, kama mdomo wa bata. Unaingiza ncha ya kiatu humo, halafu ukanda wa ngozi unauzunguka mguu na kuubana. Mtaliano alimweleza kwa mikono na Kiswahili cha vipande kwamba mguu mmoja ukisukuma chini, wa pili unavuta juu, hakuna nguvu inayokwenda bure. Akamwonyesha na bizimu ya ukanda: unaigusa kwa kidole gumba, ukanda unalegea, mguu unatoka.

Hapo ufundi ukaingia. Mabruki aliitazama bizimu ile akaona aibu kwa niaba ya Ulaya. Bizimu gani inafunguka kwa kuguswa? Akazing'oa zote mbili, akashona mahali pake bizimu za viatu vya askari, zenye sindano inayopita kwenye tundu, kwa uzi wa nta, mistari miwili. Alizivuta kwa meno, hazikutikisika. Kuzifungua kulitaka mikono miwili, utulivu na muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, lakini hilo hakulihesabu. Alikuwa akifikiria kwenda, si kusimama.

Na kwenda, alikwenda. Asubuhi ya kwanza aliishika nguzo ya kibaraza cha Abbasi muuza kahawa, akajifunga miguu yote miwili, akajisukuma, akapotea. Alilipita lori la tumbaku kwenye mwinuko. Lori lilikuwa limeharibika, lakini alilipita.

Kurudi sasa. Alifika kibarazani, akashika breki, baiskeli ikasimama. Akataka kushuka kama alivyoshuka tangu utotoni, mguu ukakataa. Akabaki wima kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani, kisha akaenda ubavu, polepole, mzima mzima, baiskeli ikiwa bado katikati ya miguu, mpaka kwenye birika. Abbasi akamwuliza kama kahawa anaitaka hivyo hivyo au kwenye kikombe.

Siku ya pili aliangukia upande wa kulia, akasema hayo ni maendeleo. Baada ya wiki alikuwa amepata dawa: asisimame ila penye kitu cha kushika. Akaujua mji kwa nguzo zake. Nguzo ya Abbasi, ukuta wa mashine ya kusaga, mlingoti wa bendera kwenye ofisi ya chama. Sokoni hakukuwa na nguzo, basi akaacha kwenda sokoni, Mwamvita akawa anakwenda mwenyewe. Wazee nao akawakwepa kwa kupita vichochoroni, kwa sababu mzee haamkiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka, unashika usukani, unatoa shikamoo yako ukiwa umekanyaga ardhi. Aliposhindwa kuwakwepa, Mabruki alizimwaga shikamoo zake njiani kama mtu anayelisha kuku, na zilipojibiwa alikuwa mtaa wa pili. Wazee wakaanza kuulizana ni mali gani aliyoipata.

Ikafika siku ya matembezi ya kuunga mkono Azimio. Mwamvita akajifunga doti mpya, akakaa kwenye keria, miguu upande mmoja, wakaondoka. Kwenye kona ya soko matembezi yakawakatia njia: watoto wa shule, kina mama, bendera, tarumbeta. Kitu cha kushika hakuna. Mabruki akashika breki, kisha wote wawili wakaenda chini mbele ya wanawake wote wa Ng'ambo. Hata tarumbeta zilikosea.

Kuanguka si neno, watu huanguka. Kilichoharibu ni mdomo. Akiwa bado chini, baiskeli imemlalia, Mabruki aliueleza umati kwamba yeye alikuwa sawasawa kabisa, ni mke aliyeegemea vibaya. Mwamvita akajipangusa vumbi. Jioni alikuwa kwa mama yake, kijijini Kwihara. Kwa Abbasi aliacha ujumbe mfupi: atarudi siku ambayo Mabruki, kwa kinywa chake, mbele ya mama, atasema nani alimwangusha nani.

Siku nne Mabruki alikula maandazi ya Abbasi asubuhi na jioni, akitunga maneno ya kwenda kusema. Ya kwanza yalilaumu breki. Ya pili yalilaumu tarumbeta. Ya tatu yalianza na kudra ya Mwenyezi Mungu na yalikuwa marefu sana. Abbasi aliyasikiliza yote mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "hapo nimemwona Mungu, nimeona tarumbeta, nimeona breki. Wewe mwenyewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Siku ya tano akaenda Kwihara. Mtu mwenye akili angekwenda kwa miguu, na Abbasi alimwambia hivyo. Mabruki akajibu kwamba mama mkwe lazima aone kwa kasi gani anatafutwa mwanawe. Akajifunga, akashika njia ile iliyokanyagwa na wapagazi wa misafara miaka mingi, akaikanyaga kuliko wao.

Uwanja wa Bi Siwema, mama yake Mwamvita, ulifagiliwa mpaka unang'aa, na hakukuwa na nguzo. Katikati yalitandazwa majamvi ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande, vikikaushwa juani. Kando yake, kwenye kigoda, mama mkwe mwenyewe. Ukuta wa kushika ulikuwa nyuma ya mgongo wake. Mabruki akaanza kuzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Mzunguko wa pili akamwamkia tena. Akajibiwa tena. Wa tatu, Bi Siwema akamwambia, "Shuka basi, baba."

"Nashuka mama," akasema Mabruki, akapotelea nyuma ya jiko.

Majirani wakaanza kusogea. Kuku wakahama. Mwamvita akatoka jikoni, mikono ina unga, akatazama mizunguko miwili, na kwenye wa tatu akaidaka keria kwa mikono yote miwili. Baiskeli ikasimama, na Mabruki juu yake, kama nguo iliyoanikwa.

"Nasikia," akasema Bi Siwema, akiendelea kugeuza matobolwa yake, "kuna mtu alimwangusha mwenzake huko mjini."

"Mama, ile kona ya soko—"

Baiskeli ikainama kiasi cha shubiri.

"Yaani yale matembezi—"

Ikainama tena. Sasa Mabruki aliweza kuhesabu vipande kwenye jamvi. Akatazama miguuni, mistari yake miwili ya uzi wa nta imelala safi, imara, na kwa mara ya kwanza maishani akajuta kushona vizuri. Akageuza shingo amwone mkewe, apate hata kicheko cha kujificha ndani yake. Mwamvita hakuwa akicheka. Kwenye kiwiko chake kulikuwa na kidonda kinachoanza kukauka, kikubwa kama shilingi. Siku zote hizi, Mabruki hakukijua. Alikuwa hajatazama.

Breki, tarumbeta na kudra vikamtoka.

"Nilimwangusha mimi, mama. Yeye alikaa vizuri. Mimi ndiye sikujua kusimama, na nilijua kwamba sijui, nikampakia."

Bi Siwema akageuza kipande kingine.

"Rudia," akasema Mwamvita. "Mama sikio la upande huu halisikii."

Akarudia kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya tatu. Hapo Mwamvita akaiachia keria, kwa sababu mikono ilikuwa imechoka, au kwa sababu nyingine anayoijua yeye. Mabruki akaenda ubavu, polepole, mzima mzima, akatua katikati ya matobolwa. Walimfungua majirani wawili, na bizimu ya kushoto iliwashinda mpaka kikaletwa kisu.

Jioni walirudi mjini kwa miguu, Mwamvita mbele, Mabruki nyuma akisukuma baiskeli iliyopakiwa kifurushi cha mkewe na kapu zima la matobolwa yaliyopondeka, ambayo mama mkwe alisema hapana wa kuyala ila Mabruki mwenyewe. Karibu na mji wakakutana na mzee mmoja aliyewahi kumwagiwa shikamoo. Mabruki akasimama, akamwamkia vizuri. Mzee akaitazama baiskeli, akampa pole, akamwuliza kama ni pancha.

Mabruki akafungua mdomo. Kule mbele, Mwamvita akapunguza mwendo.

"Hapana, mzee," akasema. "Baiskeli ni nzima. Mimi ndiye nimeteremshwa."

Mwamvita akaendelea na safari.