Kipira cha Sikio la Kushoto

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Kariakoo. Sikuhadithiwa. Ukikataa kuamini sitakulaumu, kwa sababu kuna siku hata mimi najikatalia. Ila jioni ileile niliyaandika kwenye daftari langu, na nikisahau kitu nafungua humo. Pale nisipokuwa na hakika nitakwambia sina hakika. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini uongo sikufundishwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu baada ya uhaba mrefu. Nilikuwa nashona sare za shule kibarazani kwa mwenye nyumba mmoja Mhindi, mimi na mwenzangu Mama Zuhura, cherehani mbili bega kwa bega. Mdogo wangu alikuwa ameniletea redio ndogo ya mfukoni na hedifoni za kuingiza masikioni, zile zenye vipira laini mwishoni. Watu walidhani nasikiliza muziki. Nilikuwa nasikiliza matangazo ya vifo. Mama yangu alikuwa mgonjwa Masasi, masika imekata barabara, simu hakuna, na msiba ulikuwa unatangazwa redioni: jina, mahali, na wajulishwe fulani popote walipo. Kila alasiri niliyasikiliza majina ya marehemu wa watu, na la mama lisipotajwa namshukuru Mungu, nakanyaga cherehani.

Siku hiyo kipira cha kushoto kikapotea. Upande wa kulia ulikuwa umeshakufa sauti zamani, kwa hiyo nilitegemea huohuo wa kushoto, na bila kipira hedifoni inachezacheza sikioni, inadondoka. Na kelele za Kariakoo unazijua.

"Nenda mtaa wa Gerezani kwa mafundi," alisema Mama Zuhura. "Ila usichague kikubwa, kikakuziba usisikie mumeo akikuaga."

"Yule anaaga lini?"

Tukacheka. Ndicho kicheko cha mwisho kilichomo kwenye ukurasa ule wa daftari.

Muuzaji wa kwanza alinipa kipira kidogo, kikazama sikioni nusura kisitoke. Wa pili chake kikubwa, kikaniuma mpaka machozi. "Kitalainika hicho, anti, vaa tu!" Wa tatu alikuwa na sponji peke yake. Nikageuka nirudi, ndipo nikamwona mzee amekaa chini ukutani, kofia imemshuka hadi masikioni, mbele yake kopo la biskuti limejaa vipira. Vipira tu. Nani anauza vipira tu?

Nilifanya tulivyofundishwa wote: nikaangalia miguu, isije ikawa kwato za jini. Ilikuwa miguu ya mtu, vidole vitano vitano, kandambili za kawaida. Nikatulia. Hapo ndipo nilipokosea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. La kushoto hilo."

Sikuwa nimesema sikio gani. Labda aliona nilivyolishika, tusimwonee. Akachagua kimoja bila kupima, akanipa. "Kizuri hukihisi. Vuta sikio juu, kiache kikae."

Nikakichomeka kwenye hedifoni, nikavuta sikio, kikakaa. Mji ukazimika. Nielewe vizuri: haukupungua, ulizimika, masikio yote mawili. Nyundo za mafundi zilipanda na kushuka bila mlio. Na niamini, waya ulikuwa unaning'inia mkononi mwangu, redio imo mkobani, imezimwa.

Ndipo mama akaniita. Aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo mjini hapa hakuna alijuaye, na hapa silitaji.

Wewe unajua, mtu usiyemwona akikuita huitiki mara ya kwanza. Unangoja ya tatu, kwa sababu wale wengine hawaiti mara tatu. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini sauti ni ya mama! Mdomo ukaitangulia akili.

"Abee, mama."

Akasema, "Kumbe uko hapo. Basi."

Nikainua macho. Mzee alikuwa amevua kofia, anajipepea. Masikio alikuwa nayo, makubwa tu, mazuri. Matundu hayakuwepo. Ngozi imepita juu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Nikageuka kukimbia, na nilipompa mgongo nikanong'ona, nadhani nilijinong'oneza mwenyewe, "Huyu nani?"

Nyuma yangu, mji bado umezimika, akajibu taratibu, "Umeshaitika."

Nilifika kibarazani bila kiatu kimoja. Mama Zuhura ndiye aliyenivua hedifoni. Anasema kipira kilikuwa cha kawaida kabisa, nimeandika alivyosema. Na kuna watu wanaozaliwa masikio hayana matundu, si majini wale. Kwa hiyo kesho yake tulirudi wawili nimwombe radhi. Ukuta tuliukuta. Mafundi wakasema hapo hawajawahi kumwona mzee wala kopo.

Hedifoni sikuzivaa tena, na siku ya nne mdogo wangu akaja kibarazani, akasimama bila kusalimia. Nikajua.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Masasi, mazishi yamepita. Mama mdogo akanivuta chumbani.

"Siku ile ulipitia wapi?"

"Siku gani?"

"Alasiri aliyofariki. Alikuita, ukaitika hapo mlangoni, abee mama, sote tumesikia. Akasema kumbe uko hapo, basi, akafumba macho. Tukatoka kukupokea. Mwanangu, tulikutafuta mpaka chooni."

Ninayo tarehe kwenye daftari. Ni siku ileile.

Mama mdogo anaamini nilimpumzisha. Mjomba anasema angejikaza mpaka nifike, mimi ndiye niliyemruhusu aondoke. Wote wawili wana haki ya kusema, na mimi bado sijajua. Watoto wangu hunicheka kwamba mama yao haitiki mpaka umwite mara tatu.

Basi ukienda kununua vipira vya masikio, chomeka waya kwanza. Usitake kinachokaa sawasawa. Chukua kinachoacha upenyo, uendelee kusikia honi na wauza maji. Miguu isikutulize, mtazame anayekuuzia masikio. Na ukiitwa, ngoja ya tatu.

Na kama anayeita ni mama yako? Ngoja, nakwambia. Lakini mimi mwenyewe, ninavyoandika hivi, mdomo umeshafunguka kuitika.