Mpini Mnene

Nikisikia harufu ya mti unaounguzwa na chuma cha moto, narudi Voi, kando ya reli, kwa mhunzi aliyefua visu kwa springi za malori makuukuu. Mama alitaka kisu cha kufyekea shamba jipya kule Kasigau, miiba mitupu. Mimi, binti yake, nilikuwa nimeshachagua kimoja kinachong'aa.

"Hicho ni cha kukatia mkate," mama akasema.

Akachukua cheusi, kizito, akakigonga kwa ukucha na kukisikiliza. Halafu akakipiga kwenye gogo kwa nguvu zake zote, akatazama makali. Hayakujikunja.

"Hiki. Kitie mpini."

Mhunzi akaokota mti mwembamba.

"Tia mnene zaidi."

"Utakusumbua, mama. Mkono wako mdogo."

Mama akanivuta, akaukunjua mkono wangu juu ya mti mnene. Vidole havikuuzunguka hata nusu.

"Huyu ana mikono ya babake," akasema, "na bado anakua."

Mhunzi akachomeka chuma chekundu kwenye mti, moshi ukatufunika sote.

Msimu ule mzima mama alifyeka akiwa amekishika kwa mikono miwili.