Ulimi wa Kapita na Maji Yangu ya Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituo cha afya kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa nimenawa mikono nyumbani, mtaa wa Simi-Simi, na nikanawa tena bombani kwa sababu njiani nilishika pikipiki. Sikusoma shule ya uuguzi. Nilijifunza katika kitabu kikuukuu kisicho na jalada, na katika miguu ya majirani waliokubali niwafunge vidonda. Ndiyo maana niliogopa sana. Mwenye cheti akikosea, amekosea tu. Mimi nikikosea, nimejulikana.

Aliyenipokea alikuwa infirmier titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mzee wa familia za Kiislamu za zamani hapa mjini. Hakuna aliyemwita kwa jina, alikuwa Titulaire. Akanipeleka chumba cha kusafishia vidonda, tulichokiita pansement. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wa Mangobo aliyempiga mwenzake ngumi mdomoni. Mkono ulikuwa umevimba, na juu ya kifundo cha kidole palikuwa na kitundu kidogo cha jino.

"Afadhali imbwa angeniluma," alisema. "Kinywa ya imbwa iko safi kupita ya mutu."

"Nani aliipima?" Titulaire akamwuliza.

"Watu wote wanajua."

"Bon. Ile watu wote ndio wanakuyaka hapa kunionyesha vidonda."

Alinifundisha siku hiyo kwamba jeraha la jino, liwe la mtu au la mbwa, halikimbiliwi kushonwa, maana kulishona mapema ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, mpaka mkono wa muoshaji uchoke. Nikamwuliza kinywa kipi basi ni safi. Akasema kila kinywa kina vijidudu vyake, na vya mbwa si vichache kuliko vyetu, ni vingine tu. "Unaniuliza kati ya masoko mbili ni gani haina watu," alisema.

Niliyashika yote. Tatizo langu ni kwamba nilishika na ya ziada. Nilipenda dawa kali. Nilichanganya maji ya kuulia vijidudu mpaka yakawasha pua, nikasugua kidonda, kisha nikarudia ili moyo wangu utulie. Nilidhani huo ndio ustadi.

Ndipo akaja Papa Bolaya, mwindaji wa upande wa Yanonge, aliyepanda mto na nyama ya kukaushwa akafikia kwa ndugu yake Mangobo. Alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kufunga. Nyuma yake alikuja Kapita, mbwa mwekundu mwenye mkia wa kujikunja na kengele ya mti shingoni. Mbwa wa kuwinda wa kwao hawabweki. Mwenyewe huwafuata porini kwa sauti ya kengele.

Kila alipokuja nilimsugua. Kidonda kilibaki cheupe, kama nyama iliyochemshwa. Kisha akapotea kwa muda, na aliporudi kidonda kilikuwa na wekundu mzuri.

"Ona, docta," aliniambia. "Weye unanichomaka. Kapita ananilambaka polepole, na kidonda iko inacheka."

Naungama kwamba nilimwonea mbwa wivu. Nilimwita Titulaire, nikitumaini atakanusha. Akainama, akatazama mguu, akanitazama mimi.

"Hii kidonda ilikuwa na adui wawili, weye na imbwa. Mumoja amepumzika kidogo."

Akaeleza kuwa dawa kali haichagui: inaua vijidudu na kuua nyama mpya inayoota. Tangu siku hiyo nilitumia maji safi yenye chumvi. Nilitii, lakini nililia bombani, huku nikinawa. Papa Bolaya naye alikatazwa ule ulimi, akacheka.

"Titulaire, ile ni dini yako inasema."

"Dini yangu inaniambia ninawe miye. Ya mate ni kidonda yako inasema."

Hakusikia. Aliona kwa macho yake mwenyewe kwamba anapona, na mimi ndiye niliyempa ushahidi huo.

Majuma machache baadaye alikuja amechangamka. "Mambo ya ajabu. Kapita ameanza kuimba. Tangu azaliwe hajatoa sauti, sasa anaimba kama mutu wa chorale."

Titulaire aliweka chini kikombe cha chai. "Anakunywaka maji?"

"Anaangalia tu, anaacha. Mate inamutoka."

"Iko wapi?"

"Nimemufunga kwa ndugu yangu. Lakini hajaniluma, eh. Hajaluma mutu."

Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kichaa cha mbwa mara nyingi kuliko ukurasa mwingine wowote: dalili zikishamtokea mtu, hakuna dawa.

"Mate ndiyo inabeba ile ugonjwa," Titulaire alisema. "Jino ni mulango tu. Weye mulango ulikuwa nao tayari, hapa muguuni."

"Hapana. Kapita ndiye aliniponya. Munataka kunichoma sindano juu ya imbwa yangu mwenyewe?"

"Kengele unamufungia juu ya nini?"

"Juu hana sauti. Nitamujua namna gani kule porini?"

"Bon. Leo Mungu amemufungia kengele ingine. Sikiliza."

Papa Bolaya alitazama mguu wake. Kisha akaunyoosha chini ya bomba. Nikauosha kwa sabuni, taratibu, bila kusugua, mpaka mkono wangu ukachoka. Titulaire alipiga simu kutafuta chanjo, na sindano ya kwanza akadungwa siku ileile. Kapita alikufa akiwa amefungwa. Papa Bolaya alimaliza sindano zake zote, na yuko hai.

Mimi nimestaafu wakati watu wa rika langu ndio kwanza wanatafuta kazi. Ngozi ya mikono yangu ilipasuka kwa sabuni na dawa mpaka ikatoa damu, na mkono uliopasuka ni kidonda. Hauwezi kuhudumia vidonda vya wengine. Titulaire ndiye aliyenitoa pansement, kabla yeye mwenyewe hajastaafu. "Sabuni imemaliza kazi yake zamani, mutoto wangu," alisema. "Weye ndiye hujamaliza."

Mwezi uliopita Papa Bolaya alinitembelea na mbwa mdogo, mwekundu vilevile. Alianza kwa kunionyesha kadi ya chanjo ya mbwa huyo. Nilipokuwa naisoma, mbwa alinilamba kwenye ufa kati ya vidole.

"Pardon, docta," Papa Bolaya alisema, akamvuta.

Nilikwenda bombani. Nikanawa kwa sabuni kama tulivyofundishwa, mpaka mkono ukachoka, nikafunga maji. Nilisimama pale nikiwa bado nimeshika bomba, maana nilijijua. Moyo ukaniambia nirudie. Sikufungua. Nikarudi kuketi, mikono ikidondosha maji, nikamwuliza mbwa anaitwa nani.