DJ wa Norsborg na Meza za Wakwe

DJ wa harusi za Norsborg, kitongoji cha Stockholm, hupiga nyimbo za Marekani kwa mpangilio wa miaka, maana anaamini nchi ile ilibadilishwa zaidi na redio kuliko bunge lake: vijana weusi na weupe walinunua santuri zilezile wakati baba zao hawakuweza kuketi meza moja. Huyasema haya kwa sauti ya mtangazaji wa vifo, kiganja juu ya spika kama anayepima homa ya mtoto. Jumamosi hii bibi harusi, Christelle, amemwomba jambo moja tu: mama yake Perpétue, Mkongo ambaye hakutaka mkwe Mkenya, acheze na wakwe. Bluzi ikapita, roki ikapita. Wakongo, ndani ya suti zao za Paris, wakabaki kwenye meza zao, Wakenya kwenye zao. Ilipofika kantri, Wakenya wote wakainuka kama waliopigiwa wimbo wa taifa.

“Eh, Papa James!” Mama Perpétue akamrushia maneno baba wa bwana harusi. “Tangu lini wachunga ng'ombe wa Amerika ni babu zenu?”

“Tangu redio ya kijijini, mama. Na hizo suti za Paris, ni za babu yenu yupi?”

Mama akacheka bila kupanga. DJ akapunguza sauti kidogo, wapate kutaniana vizuri. Wimbo uliofuata uliwakuta katikati ya ukumbi, bado wanabishana, miguu ikienda pamoja.