Mguu wa Kulia, Alhamisi Kuu

Kwa mwaka mzima na ushee nilisali jumuiya, ile sala ya kila wiki ya Wakatoliki majirani nyumbani kwa mmoja wetu, nikiwa kibarazani. Wenzangu walivua viatu mlangoni wakaingia kukaa kwenye mkeka, mie nikachukua stuli nikakaa nje, kando ya pazia, nikisingizia joto. Huku kwetu Madale kuna upepo wa vilimani na joto lenyewe ni la kutafuta, lakini mwalimu kama mie akisema anasikia joto, watu wanakubali.

Ukweli ulikuwa ndani ya kiatu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa umegeuka njano, mnene, unamomonyoka pembeni kama ukoko. Nilishajaribu siki, kitunguu saumu na krimu ya duka la dawa. Niliupaka hata rangi nyekundu, na chini ya rangi ukaendelea kuoza kwa raha zake.

Hatimaye nikaenda hospitali. Daktari, mama asiye na maneno mengi, alikata kipande cha ukucha kikapimwe, akapima na damu kuona kama ini langu linahimili, ndipo akaniandikia vidonge vya miezi kadhaa.

"Huo ulioharibika hautarudi kuwa mzima," aliniambia. "Unangoja mpya uote kutoka shinani, na unaota polepole. Ukichoka ukaacha dawa, tutaonana tena hapa."

Akanionya pia kuhusu viatu vya kufunika visivyopata jua, unyevu katikati ya vidole, na kuchangia ndala za bafuni, mkasi wa kucha na taulo. Taulo alilirudia mara mbili. Nilitoka pale na hasira, maana kiatu kilichonificha ndicho kilichokuwa kinaulisha ugonjwa. Kukivua siwezi, kukivaa ni kujiumiza.

Kwaresima ilipofika, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama muuza vitenge, alitangaza kwamba kila jumuiya itoe mtu mmoja wa kuoshwa miguu na padri siku ya Alhamisi Kuu.

"Sie tumemchagua mwalimu," alisema. "Mtu na elimu yake, kila wiki anakaa nje kama mgeni. Unyenyekevu gani ule!"

Wakapiga makofi. Nikawaambia jamani, chagueni mtu mzima kuliko mie.

"Mnaona?" akadakia. "Si ndiyo huohuo unyenyekevu ninaousema!"

Kila nilivyojitetea nilizidi kujifunga. Niliwaza kuugua, niliwaza bandeji, nikaona yote yataleta maswali. Na kwetu padri anaosha mguu mmoja tu, wa kulia.

Siku hiyo tulikaa kwenye mabenchi mbele ya altare. Wenzangu walikuwa wameshajisugua visigino nyumbani, kama ilivyo desturi, padri asikute uchafu. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa jumuiya ya jirani. Nilipomwamkia shikamoo alinieleza kwamba sukari inamsumbua, na mguuni ana kidonda kinachokataa kufunga. Padri alikuwa akija upande wetu na taulo moja kiunoni, akifuta mguu baada ya mguu. Baada yangu ilikuwa zamu ya bibi.

Alipopiga magoti mbele yangu nilimpa mguu wa kushoto.

"Wa kulia, mama," alisema taratibu.

Nikavua. Ukucha ulikaa pale chini ya taa zote za kanisa. Aliuona, akamimina maji. Kisha akashika taulo, na mimi nikaangalia kidonda cha bibi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Baba, usinifute na hilo taulo," nilinong'ona. "Nina fangasi, na bibi huyu ana sukari na kidonda."

Padri alikuwa na kipaza sauti kidogo kifuani. Sauti yangu ilitoka kwenye spika zote, hadi kwa waliokaa nje kwenye maturubai.

Padri aliliachia taulo, akavuta pindo la kanzu yake nyeupe, akanifuta mguu wote na katikati ya vidole, kavu kabisa. Nami, kwa mdomo wangu usiojua pa kukoma, nikasema, "Baba, na kanzu ikafuliwe kwa maji ya moto."

Kanisa zima lilicheka, Alhamisi Kuu. Padri alicheka pia, akanawa mikono, akaletewa taulo jingine kwa ajili ya bibi.

Jumuiya iliyofuata ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti. Nilitafuta stuli kibarazani sikuiona, alikuwa ameificha makusudi. Nikavua viatu mlangoni, nikatoa soksi safi kwenye mkoba, nikavaa.

"Soksi za nini tena, mwalimu?" aliniuliza. "Si tumeshajua wote?"

"Sijifichi. Hizi ni za kuwakinga nyie," nikamjibu, nikaingia ndani.